Karoli wa Kyebando

Mama Zuhura,

Mvua ya Kampala inakusalimu. Lori bado halijaruhusiwa kuondoka; wanajeshi wanasema tungoje. Nalala Kyebando, kwa Haji fundi.

Juu ya mti wake pana kiota cha karoli, yule ndege mkubwa mwenye upara. Hushinda sokoni Kalerwe akiokota matumbo ya samaki jalalani, jioni hurudi kuwatapikia vifaranga wake.

"Ndege mchafu huyo," Haji akasema.

"Mchafu, lakini jioni anafika kwa wanawe," nikamjibu.

Sukari hakuna mjini. Nimebahatisha kipande cha sukari guru, nikakitia kwenye mfuko wa koti, ule ambao Zuhura huupekua nikiingia tu mlangoni. Mbusu. Mwambie sijakionja.

Baba Zuhura