Mraba wa Kijivu

Jumatatu, 4 Novemba
Picha za sendoff nilizozirekebisha rangi kwenye kompyuta zimerudi kutoka kwa mchapaji. Nyuso zimepauka kama zimepakwa unga. Mama wa bibi harusi hakuficha: "Mwanangu si mzungu, Mama Minza." Aibu tupu. Nimeilaumu skrini, kuukuu, ya mtumba. Mchana nimeshusha pazia, nikaiacha ipate moto, nikafungua picha ya kupimia gama, ule mwangaza wa kati wa skrini: mistari myembamba myeusi na myeupe, katikati mraba wa kijivu. Unasogea nyuma kidogo, unabadilisha gama mpaka mraba upotelee ndani ya mistari. Ukipotea, skrini inasema kweli. Kwangu ulipotea upesi. Nimeridhika.

Jumatano, 6 Novemba
Zimechapishwa upya. Safari hii nyuso nyeusi tii, hata macho hayaonekani. Nimepima tena. Mraba ukapotea, ila kwenye namba nyingine. Baada ya chai nikapima tena: namba nyingine kabisa. Skrini gani hubadilika hivi? Nimemfokea Minza bure. Nje ya dirisha langu baba yake alikuwa anachoma dhahabu, kama kila siku. Kichwa kinauma.

Jumamosi, 9 Novemba
Wifi Nyanzala kaja kutoka Nkome na ndoo ya dagaa. Nimemkalisha mbele ya skrini, nikapima mwenyewe, nikamwambia tazama, mraba umepotea. Akacheka.
"Wifi, si huu hapa? Umekaa kama sahani mezani."
Nilidhani ananitania. Akauzungushia kidole. Mimi naona mistari tu. Akashika kipanya yeye, akaenda polepole mpaka akasema sasa ndiyo umepotea. Tukarudia, tukarudia. Yeye anasimama palepale kila mara. Mimi popote.
Si skrini. Ni macho yangu.
Kisha Minza akaja kuchungulia. Ana miaka minane. Wifi akaurudisha mraba, akamwuliza anaona nini.
"Mistari, shangazi."
Na katikati?
"Mistari."
Wifi hakucheka tena.

Jumatatu, 11 Novemba
Hospitali. Daktari, binti mpole, hakuanza na macho. Aliuliza nyumbani tunafanya kazi gani. Nikasema picha. Na mume? Nikamweleza: anachanganya mchanga wa dhahabu na zebaki, anaweka donge kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa, zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki. Wapi? Nje ya dirisha la chumba ninachofanyia kazi, na Minza hufanyia hapo kazi za shule. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema moshi wa zebaki huharibu mishipa, macho na mikono. Wamechukua mkojo wangu na wa mtoto. Tusubiri.
Jioni nikamwambia Baba Minza. "Baba yangu alichoma mpaka akazeeka. Hayo maneno ya hospitali tu."
Namchukia leo. Nimeandika na sifuti.

Alhamisi, 14 Novemba
Kachoma tena. Nimefunga dirisha, nyufa nimeziba kwa magazeti. Joto kali. Minza kadondosha kikombe. Watoto hudondosha vikombe. Najiambia hivyo.

Ijumaa, 22 Novemba
Majibu. Zebaki ipo, kwangu na kwa mtoto. Minza bado mapema, anaweza kupona akitolewa kwenye ule moshi. Kwangu daktari hakuahidi kitu. "Aache kuchoma hapo nyumbani, au nyie mhame. Leo." Baba Minza alisikiliza akitazama sakafu, akasema ataacha akimaliza mzigo alionao. Naye hataki kupimwa. Nilimpigia wifi nikijua atamtetea kaka yake. Akasema, "Njooni kwangu, wote wawili." Nimefungasha nguo na madaftari ya Minza. Kompyuta nimeiacha.

Jumapili, 24 Novemba
Nkome. Mvua tangu asubuhi, dagaa wamefunikwa turubai. Minza kamaliza ugali wake wote. Mchana baba yake kapiga simu. Sauti ya upole, ya mtu aliyetukumbuka. Kasema huko nako inanyesha, jiko linalowa, kwa hiyo amelihamishia ndani, kwenye chumba changu, maana sasa hakina mtu.
"Umefungua dirisha?"
"Upepo unazima moto."
Minza alikuwa ananivuta mkono, anataka kuongea na baba yake. Nikampa simu. Wameongea muda mrefu, wakacheka sana.