Upande wa Pili wa Uzio

Hai Malakal, Juba
12 Februari 2023

Mdogo wangu Lagu,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi mzima, ila magoti yananisumbua nikikaa sana kwenye kibanda changu cha chai pale soko la Custom. Wewe je, na mama watoto, na watoto? Huko Kenya bado kuna baridi ile iliyotufanya tugombanie blanketi tulipokuwa wakimbizi? Simu zangu hushiki, basi nimempa barua Yafesi, yule dereva Mganda wa lori la mahindi. Yeye huwezi kumzima.

Ngoja nikuchekeshe. Shirika moja lilituita hotelini Thongpiny, sisi na ukoo wa kina Suzan, eti tusaini amani. Wakatukalisha meza moja, wakaleta wali na kuku wa kuchoma. Hakuna aliyegusa! Binti wa shirika akadhani tumegoma, akauliza kama kuku hakuiva. Maskini, nani angemwambia? Kwetu damu ikimwagika kati ya koo mbili hamli pamoja, hamnywi maji ya mtungi mmoja, hamuombani hata kaa la moto, mpaka siku mtakapokunywa mizizi michungu kwenye kibuyu kimoja. Tukasaini na njaa zetu, tukatoka kwa milango miwili.

Miaka minne sasa tangu Gune amchome mkuki Isaac, kitinda mimba wetu, kwa sababu ya ng'ombe kuingia kwenye mtama. Na dada yake Gune ni Suzan, Suzan huyuhuyu niliyenunua naye viwanja ubavu kwa ubavu ili tusiachane tukizeeka. Namsikia akitwanga upande wa pili wa uzio. Na yeye najua ananisikia. Napika sufuria ndogo, nakula peke yangu, naosha sahani moja. Upweke utaniua, Lagu, nakwambia kweli.

Sasa wazee wamesema kibuyu kitanywewa kijijini mwezi wa nne. Kabla ya kunywa kila upande husimama ukasema yote uliyoyatenda, na Gune amekubali kusema. Upande wetu wanatakiwa waliotoka tumbo moja na Isaac, yaani mimi na wewe. Mmoja akikosekana, basi. Njoo, tafadhali.

Dada yako,
Night

*

Kitale
3 Machi 2023

Dada Night,

Shikamoo. Sisi wazima, mtoto mdogo ameota meno mawili na anatung'ata sote. Pole na magoti. Barua nimeipata, Yafesi alinisimamia mpaka nikaifungua, mtu king'ang'anizi sana huyo.

Siji, dada. Usinikasirikie. Gune amuue ndugu yetu, halafu nigawane naye kibuyu? Hao wazee wanataka tu mambo yaishe wapate kulima ng'ambo ya kijito. Waambie Lagu anaumwa, kisha kunywa wewe, wewe ndiye mkubwa. Na kama uzio unakusumbua, uza kiwanja uhame. Mwache Suzan na maisha yake.

Nakutumia majani ya chai kilo mbili, ya huku ni mazuri.

Ndugu yako,
Lagu

*

Hai Malakal
29 Mei 2023

Lagu,

Hamjambo? Mimi sijambo. Chai nimeipata, wateja wameisifu, asante.

Kibuyu hakikunywewa. Watu walitoka pande zote mbili wakakaa tangu asubuhi, wakaulizia mtoto wa pili wa mama yetu, nikasema anaumwa. Kila mtu akarudi kwake. Gune alikuwa amesimama tayari kusema, ikabidi akae tena na maneno yake.

Wiki iliyopita Suzan alishikwa na malaria. Siku mbili sikusikia mchi. Ya tatu nikasikia anaita maji, na nyumba yake haina mtu, kama yangu. Wallahi nilijaza kopo. Nikafika hadi langoni kwake, nikaliweka chini, nikarudi nyuma hatua kumi. Alitoka akijikokota, akaliona kopo, akaniona mimi. Akageuka akaingia ndani. Hakunywa, Lagu. Midomo yake imepasuka kwa kiu na hakunywa, maana anaogopa maji yangu. Huyo ndiye niliyekuwa nikitafuna naye muwa mmoja. Nilirudi nikalia mpaka kichwa kikauma.

Wewe ulivyo mbishi nakujua tangu udogo, lakini huu si ubishi. Kuna nini?

Dada yako,
Night

*

Kitale
18 Juni 2023

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Watoto wazima. Mimi silali vizuri.

Umeuliza kuna nini. Kwanza nijibu wewe: siku ile ya kibuyu, mtu anatakiwa kusema hata lile ambalo hakuna anayelijua?

Najua jibu. Nilikuwepo mzee wa boma alipotufundisha.

Jumapili ya tatu baada ya kumzika Isaac, watu wote wa upande wa Gune walikuwa kanisani. Nilivuka kijito, nikatia moto paa la nyumba yao. Nilitaka Gune arudi akute majivu, hilo tu, Mungu ananiona. Sikujua kuwa Mama Lilly, mama yao, alikuwa ameamka na maumivu ya kiuno, akabaki kitandani. Moto ulipokuwa umeshakolea nikamsikia. Alikuwa anamwita Suzan. Ningeweza kurudi, dada. Mlango ulikuwa bado haujashika. Nilikimbia.

Wote mlisema upepo ulipeperusha cheche kutoka jikoni. Nilisimama nanyi kwenye matanga yake, maana mwiko haukatazi kuzikana, nikachimba kaburi, nikashukuriwa. Wiki iliyofuata nikaja huku.

Gune amekubali kusimama. Mimi siwezi. Mwambie Suzan upepo, kama siku zote. Kunywa peke yako, uishi. Barua hii uichome ukimaliza.

Ndugu yako,
Lagu

*

Hai Malakal
2 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Salamu. Najua umengoja jibu miezi mitano. Kalamu nilikuwa naiogopa.

Sijaichoma.

Mwezi uliopita wazee walichoka kungoja, wakasema ninywe kwa niaba yetu wawili. Nilikwenda. Nilishona gauni. Nilimbebea Suzan zawadi ya hina, nikaificha kwenye mkoba, nikiwaza tukirudi tu Juba tutapakana miguu kama zamani. Gune alisimama akasema yote, mkuki, mahali alipouchomea, na jinsi Isaac alivyomtaja kwa jina. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima. Nilihisi kitu kimetoka kifuani mwangu ambacho nilikuwa nimekizoea.

Kisha mzee akanigeukia. Akauliza, "Upande wenu, kuna lililobaki?" Akauliza mara ya pili. Ya tatu. Kibuyu nilikuwa nimekishika, na Suzan alikuwa ameshika upande wa pili, vidole vyetu vimegusana. Loo, Lagu! Neno moja tu, "hakuna," na ningekuwa na jirani yangu jioni ileile.

Nikaachia kibuyu. Nikasema sinywi.

Sasa mimi ndiye adui wa amani. Watu wa kwetu wanapita kibandani kwangu pale Custom, wanakwenda kunywa chai kwa wengine. Na juzi Suzan alisimama upande wake wa uzio akanisemesha, mara ya kwanza kwa miaka yote hii. Akasema, "Night, unajua nini?" Niliingia ndani nikafunga mlango. Mama Lilly ndiye aliyenisuka siku ya harusi yangu.

Sikuchukii. Nilijaribu, sikuweza. Lakini siwezi kunywa juu ya mfupa wa mama yake Suzan nikasema ni amani. Ingeishi mwaka mmoja, miwili, halafu mtu angeropoka na tungezikana upya, na watoto wako wangerithi. Wala sitalisema kwa niaba yako. Neno ni lako, na mdomo unao.

Chumba cha nyuma nakifagia kila Jumamosi.

Dada yako,
Night

*

Kitale
10 Januari 2024

Dada,

Shikamoo. Yafesi anapakia mahindi Jumatatu. Nimemwambia mke wangu kila kitu. Leo asubuhi amenifulia shati jeupe.

Waite wazee.

Lagu

*

Hai Malakal
21 Aprili 2024

Mdogo wangu Lagu,

Natumaini mmeamka salama huko, na mgongo umepona baada ya lile lori. Mimi mzima. Magoti ni yaleyale.

Yafesi ameniletea maswali yako mawili, nikayakalia wiki nzima. Nisamehe.

La kwanza. Ulipomaliza kusema yako ulipanda lori, Suzan akiwa bado amekishika kibuyu mapajani bila kunywa, ndiyo maana unauliza. Alikunywa. Jua lilimkuta pale, hakuna aliyemharakisha, hata Gune hakumgusa. Aliniita akaniuliza jambo moja tu, kama nilijua ile siku nilipoachia kibuyu. Nikasema nilijua. Akasema, "Basi hukunidanganya." Ndipo akanywa, akatapika, akanywa tena.

Tuliporudi Juba alijifungia siku tisa. Nikadhani khalas, imeshindikana. Ya kumi, asubuhi, nikasikia lango. Alikuwa ameshika kipande cha bati, anaomba kaa la moto. Kwa haraka yangu nikamwaga makaa karibu na miguu yake, akaruka, akanitukana kama zamani. Jioni tulikula ugali na bamia sahani moja. Hatukuongea sana. Hina tulipakana Pasaka.

La pili. Umeuliza kama sasa unaweza kuhamia hapa na familia, kwa kuwa mambo yamekwisha. Nilimuuliza Suzan, sikutaka kumficha. Alisema hana vita nawe, wala watoto wa ukoo wake hawatakuwa navyo na wako. Lakini sauti yako hawezi kuisikia upande wa pili wa uzio. Nami nimekubali, Lagu. Nimelia, lakini nimekubali. Chumba cha nyuma nimekitia magunia ya sukari. Krismasi nitakuja mimi, nikae mpaka mnichoke.

Yafesi anapiga honi, namalizia. Barua hii Suzan ameisoma kabla sijaifunga. Nimemuuliza kama ana salamu. Alinirudishia karatasi, akasema nikuandikie kwamba ameisoma.

Dada yako,
Night