Darasa Nililochelewa Kulianza

Munuki, Juba
Jumapili, baada ya ibada

Kwako dada yangu Mghoi,

Nakusalimu kutoka huku kwenye joto. Habari za nyumbani? Mguu wa mama unaendeleaje, na baridi ya Wundanyi inamruhusu kutoka asubuhi kuota jua? Shemeji amepona kile kikohozi? Mimi mwili wangu mzima. Kazini naenda, chakula nakula, na watoto wa darasa la sita bado wananiita "Mwalimu Kenya" ingawa huu ni mwaka wa nne. Moyo ndio si mzuri. Nimeona nikuandikie wewe, maana ulinilea na unajua nilivyo. Ni wewe uliyeniona nikikaa na ile barua ya chuo mezani, nikiwaza nijibu nini, mpaka nafasi ikapita.

Kando ya geti la shule yetu kuna mama anauza chai, anaitwa Mama Poni. Aliishi miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi Uganda, kwa hiyo anajua Kiswahili cha kule. Poni ni binti yake wa pekee. Akiwa na miaka tisa alipata homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini masikio hayakurudi. Huko kambini alipata shule ya viziwi, akajua kusoma na kuandika, na sasa ameolewa hukohuko upande wa Arua. Mama yake alirudi Juba peke yake. Kuongea kwa simu hawawezi, kwa hiyo Poni huandika ujumbe, kwa Kiarabu cha Juba, lugha ya mitaani huku ambayo nami nimeshaizoea, lakini kwa herufi zetu hizihizi. Na Mama Poni hajui kusoma.

Zamani alikuwa akisomewa na mwenye kibanda cha simu. Siku moja Poni aliandika mambo ya ndani ya ndoa yake, na yule bwana akayasoma kwa sauti mbele ya wateja, akacheka. Mama Poni akachukua simu yake, akaondoka. Tangu hapo hakumpa mtu yeyote amsomee. Poni akiandika, yeye anamtumia picha ya birika lake la chai, ileile kila mara, ajue tu kwamba mama yake yu hai.

Nilimwambia nimsomee mimi. Akakataa.

"Hapana, mwalimu. Kusomea mimi, hata yule mtu ya simu ilikuwa nasomea mimi. Wewe fundisha mimi. Hii ujumbe yote nitasoma mwenyewe."

Nikamwahidi darasa la kina mama, Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa. Dada, nilikuwa na nia ya kweli. Nilinunua daftari, nikaanza kupanga. Nianze na herufi kubwa au ndogo? Kiarabu cha Juba au Kiingereza? Wakija wawili nitaaibika, wakija hamsini nitawaweka wapi? Waume zao wakija kuniuliza? Na mkataba wangu usiporefushwa, si nitakuwa nimewatupa njiani? Nilijaza daftari tatu. Baada ya miezi mitano nikapata ujasiri wa kumwomba mchungaji ukumbi. Alinijibu kabla sijamaliza kusema: "Ufunguo uko pale msumarini, chukua." Nikarudi nyumbani kupanga upya.

Kila asubuhi nikipita Mama Poni ananiuliza, "Mimi iko tayari. Wewe iko tayari lini?"

"Bukra," namjibu, yaani kesho.

"Kila siku bukra," anasema, na kunimiminia chai.

Kuanzia mwezi wa tatu wa ahadi yangu nikaona anaingiza ncha ya kidole kwenye glasi anapomimina. Nikajiambia amechoka. Kisha nikaona chai inamwagika kando na yeye hashtuki. Nilitaka kumwuliza. Nikawaza kwamba labda atajisikia vibaya, labda si mahali pangu, labda nimwambie mchungaji amwulize. Wiki zikapita namna hiyo.

Ijumaa moja mchana alinyoosha mkono na simu, akiielekeza pembeni kidogo ya mahali nilipokuwa.

"Soma, mwalimu. Macho yangu imekwisha."

Nikakaa kwenye kigoda. Kulikuwa na ujumbe kumi na saba ambao haujawahi kusomwa. Nilisoma kuanzia ule wa zamani. Mvua, mihogo, mbuzi wa jirani. Halafu Poni akasema ana mimba. Halafu, "Mama, nimezaa msichana. Nataka jina lake litoke kwako." Siku tatu baadaye, "Mama, jina?" Kisha, "Nakuuliza jina, wewe unanitumia birika. Nimekukosea nini?" Wa mwisho ulikuwa wa miezi miwili nyuma. "Basi. Nimempa jina mwenyewe."

Mama Poni alifunika birika lake. Kisha akaniuliza, "Hakusema jina gani?"

"Hakusema."

Akaanza kukusanya glasi zake kwa kupapasa. Hakunilaumu, Dada. Angenilaumu ningepata pa kushika. Palepale aliniambia maneno ya kumwandikia Poni, nikayaandika yote na kuyatuma. Mpaka leo hakuna jibu. Nadhani laini ile haitumiki tena.

Jumatatu nilimpeleka hospitali. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Angewahi mapema, kingebaki kiasi. Nilisikia neno hilo "mapema" mpaka tulipofika nyumbani.

Jumamosi yake nilichukua ufunguo msumarini. Sikubeba daftari hata moja. Walikuja kina mama wanne, na Mama Poni akakaa mbele kabisa. Nikaandika A.

"Andika kubwa," akasema.

Nikafuta, nikaandika kubwa.

"Kubwa zaidi, mwalimu."

Niliandika A moja ikajaza ubao wote, kutoka ukingo hadi ukingo. Aliinua uso, akauelekeza ubaoni kwa muda. Kisha akasema kwa upole, "Malesh, mwalimu. Si kitu. Fundisha hawa." Lakini hakuondoka. Alikaa hadi mwisho, akitamka sauti pamoja na wenzake.

Sasa wamefika kumi na mmoja. Sina mpango wowote ninaoufuata, na mara nyingi nakosea mbele yao. Natamani ningekuambia kwamba hilo linanipa furaha.

Shule zikifungwa, tutakwenda Arua, mimi na yeye. Ruhusa nimeshaomba na nafasi kwenye basi nimeshika. Tutapitia Gumbo, tushike barabara ya Nimule. Najua utaogopa kwa habari za magari kuvamiwa njiani, na mimi naogopa pia, lakini mabasi yanakwenda. Anajua jina la kijiji, basi. Tukimpata Poni, mama hataona ishara za mikono ya bintiye, na binti hatasikia sauti ya mamaye. Itabidi nikae katikati yao na karatasi, nisome na kuandika mpaka watosheke. Poni akitaka kujua kwa nini mama yake hakumjibu, hilo nitaliandika kwa jina langu.

Nisalimie mama, umwambie sijaacha kusali. Msalimie shemeji, mjomba fundi seremala, shangazi wa Mwatate, na mwanao wa kwanza aliyeanza kazi Voi.

Sijairudia barua hii kuisoma. Nikiisoma sitaituma. Jirani yangu dereva anaondoka sasa hivi kwenda Nairobi, na injini tayari inanguruma hapa nje.

Ni mimi mdogo wako,
Mwakio