Msiba Uliokufikisha Dodoma

Kwa mama mdogo Frida,
Uyole, Mbeya.
9 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Obeid,

Kamwene, mwana wa mama. Habari za Geita? Wifi Joyness hajambo, na watoto wanaendeleaje? Kifua chako kimepona, au vumbi la machimbo bado linakusumbua? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua ni ya kila siku, baridi ya Uyole unaijua, na mama yu hai. Nimeliandika hilo mapema usije ukaruka mistari kulitafuta.

Barua hii nampa Masumbuko, yule jirani wa mama mdogo anayeendesha lori la viazi, akutie mkononi. Simu zangu hupokei. Nikaona heri karatasi, maana haina kitufe cha kukata.

Mama alianguka mwanzoni mwa Februari, hapahapa Uyole, alipokuja kumsalimia mdogo wake. Daktari akasema ni kiharusi. Upande wa kulia ukalegea na ulimi ukawa mzito. Nilikupigia siku ileile, ukaniambia utaangalia namna. Nikangoja hiyo namna.

Kuuguza, mdogo wangu, si kazi ya mtu mmoja. Mama ni mzito, usimwone vile! Kumgeuza peke yangu nilishindwa kabisa. Mungu akaniletea mama Mbuke, Msukuma wa Usangu, anamuuguza mama mkwe wake kitanda cha jirani hapa hospitali. Hakuulizwa, hakuombwa. Alikuja tu akashika shuka upande wa pili, akasema, "Haya, moja, mbili, tatu." Tangu siku hiyo tunageuza wagonjwa wetu pamoja, wa kwake na wa kwangu, na uji tunakoroga sufuria moja.

Sasa nikueleze ule msiba, maana najua ulikufikia vipande vipande.

Baada ya siku kumi na mbili za wodini nilirudi nyumbani Igowole kufua blanketi la mama na kumchukulia nguo nyingine. Nikashuka stendi na beseni kichwani, ndani yake blanketi, chupa ya chai, sahani na kandambili zake. Sikuwaza kitu. Wewe unakujua kwetu: vyombo vya mgonjwa vikirudi bila mgonjwa, watu hawaulizi. Na macho yangu yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Dada Matilda, yule jirani wa ng'ambo ya barabara, aliponiona aliangusha ndoo ya maji, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe. Mimi nikadhani ameona nyoka! Nikatua beseni nikakimbilia kwake.

Basi nimekwisha. Wanawake walitoka kila nyumba, wakanikamata, wakaniketisha mkekani. Kila nikifungua mdomo, wananikumbatia: lia, Anjela, lia mwenzetu, usijibane. Nikisema mama ni mzima, wanajibu, "Kweli, kwa Mungu ni mzima." Kuni zikaanza kuletwa. Mzee Jailos akaja na jembe na kamba, akaanza kupima pale ubavuni mwa kaburi la baba. Matilda naye alishakupigia wewe simu, huku analia.

Aliyeniokoa ni mwinjilisti Sosthenes. Alifika akaniuliza mama amefariki saa ngapi. Nikamwambia hajafariki, nimemwacha asubuhi anakunywa uji. Matilda alijifunika kanga uso mzima, akawa hataki kutoka humo.

Hatukujua tucheke au tulie. Mwinjilisti akasema kuni zikishaletwa hazirudi, kwa hiyo tukae, tumwombee huyo tuliyekuja kumzika. Tukapika makande, tukaimba mpaka koo zikakauka. Kesho yake asubuhi wale waliokuja na majembe ya kaburi waliingia shambani kwa mama wakapalilia maharage yote, mzee Jailos akiwa mbele. Obeid, nilisimama pembeni mwa shamba nikalia kilio ambacho jana yake kilinigomea. Nilitamani uwe hapo uwaone watu wetu.

Wewe tulikutafuta jioni yote ile, simu yako imezima. Ulipoiwasha asubuhi ulikuwa umeshafika Dodoma, na mimi ndiye niliyekupa habari njema. Nilidhani utapiga kelele kwa furaha. Wewe ukasema bosi alikupa ruhusa ya kuzika, ya kuuguza hakuna, basi acha urudi. Ukarudi!

Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia mama mdogo kwamba huyu mtoto akiambiwa mama yake amekufa anapanda basi, akiambiwa ni mzima anashuka. Yeye akasema huenda unaona aibu kurudi mikono mitupu baada ya miaka sita. Kama ni hiyo, nisikilize mimi dada yako: tangu tulipomzika baba, hakuna siku mama ametaja mzigo wako. Anakutaja wewe.

Matilda alikuja mpaka Mbeya na kuku wa kuomba msamaha, akapiga magoti kitandani kwa mama akaeleza yote. Nikaogopa, nikajua sasa presha itapanda. Kumbe mama alicheka! Mdomo umepinda, machozi yanamtoka, anacheka. Akauliza polepole msiba wake tulipika nini. Akauliza nani alilia sana. Halafu akauliza kama wewe ulipata taarifa.

Kumdanganya sikuweza. Nikamwambia ulifika Dodoma, ukarudi. Nilitazama pembeni nisione uso wake. Mama akasema, "Obeid wangu alifika mpaka Dodoma?" Basi ikawa ndiyo habari ya wodi. Kila nesi anayeingia anaambiwa: nina kijana Geita, juzi alikuwa anakuja, amefika mpaka Dodoma. Anaisema kwa fahari, na mimi nashindwa pa kuweka macho.

Tangu hapo amekubali mazoezi, ambayo kabla alikuwa akiyakataa, ng'o. Mama Mbuke ana ndugu Kahama, njia ile anaijua, basi akamfundisha kutaja mji kila anapovuta mguu: Geita, Kahama, Nzega, Singida, Manyoni, Dodoma. Akifika Dodoma, mama anakaa kwenye kiti. Mtaalamu wa mazoezi anambembeleza aongeze hatua, anasema miguu inaweza, mgonjwa ndiye hataki. Mama anasema zilizobaki si zake.

Mdogo wangu, nimechoka, na nimekukumbuka mno. Mwanaume akikohoa koridoni, mama anageuza shingo kutazama mlango, na mimi nageuza naye. Nakukumbuka baridi ya Julai ulivyokuwa ukituwekea nyayo zako za barafu mgongoni, mimi nakufinya, mama anatufokea sote wawili. Daktari anasema huenda akaruhusiwa kabla ya Pasaka, lakini ametuambia wazi kwamba kiharusi kikirudi hatuna uhakika kama atasimama tena. Usiniachie mimi peke yangu siku hizi nzuri chache.

Mama mdogo Frida anakusalimu. Mwinjilisti Sosthenes anakuombea kwa jina kila jumuiya inapokutana. Matilda anakusalimu pia, ila anasema simu yake hatakupigia tena kamwe. Wabusu wifi na watoto, waambie shangazi yao anawapenda hata kama hawaijui sura yake. Mungu wa baba yetu akulinde chini ya ardhi na juu yake.

Ni mimi dada yako, anayekupenda hata anapokufokea,

Anjela Kalinga

Nimemsomea mama barua hii yote kabla ya kuifunga. Amesikiliza amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akaniambia niongeze neno lake moja, niliandike kama alivyolisema: "Mwambie aje kama vile nimekufa."