Kasule wa Kawempe

Dada Zuhura,

Salamu kutoka mji wa vilima na mvua. Mimi mzima, natafuna njugu huku nakuandikia.

Jana mchana tulikwenda ukumbini Wandegeya kumwona Kasule, mchekeshaji anayetengeneza sinema zake mwenyewe. Alituonyesha sinema moja kuhusu mbuzi wa harusi aliyetoroka, tukacheka hadi machozi. Halafu akaweka tepurekoda mezani ili anase maswali yetu, akasema, "Kila mtu ataje kwanza jina na anakokaa."

Dada, hakuna hata mkono mmoja ulioinuka! Siku hizi, masikio yakiwa kila mahali, nani hapa ataacha jina lake kwenye tepu?

Kasule akajipiga kofi usoni. "Jamani, nimekosea. Azimeni jina langu. Leo sisi wote ni Kasule wa Kawempe."

Weee, mikono ikainuka! Kina mama, wanafunzi, hata mimi, sote Kasule. Mara akasimama askari mwenye sare. Nikashusha mkono wangu haraka. Akakohoa, akasema polepole, "Mimi Kasule wa Kawempe. Ile mbuzi, mwisho mulikula?"

"Kasule mwenzangu," akajibu yule mchekeshaji, "unaniuliza nini? Si tulikula pamoja!"

Askari ndiye aliyecheka kuliko wote, akafuta macho kwa kofia yake.

Nibusie mama, mwambie nakula na kulala vizuri. Kadi hii haina bahasha, itapita mikono mingi, lakini mwandiko wangu unaujua.

Akupendaye sana,
Kasule wa Kawempe