Simba Hawatakaa Juu ya Kaburi Lako

Shikamoo, Baba. Sisubiri marahaba, naendelea.

Jumamosi tulilijengea kaburi lako. Baba mdogo alikuja na simba wawili wa saruji kutoka Morogoro, wamepakwa rangi ya dhahabu, meno nje. Akasema fundi wa sanamu kama wewe lazima alindwe na simba. Wewe, uliyewafukuza wateja kibandani hapa Ifakara kwa sababu walitaka simba wa getini. "Simba nimemwona kwenye kalenda," ulikuwa unawaambia. "Kambare mamba nimemchimba kwa jembe langu."

Nilikuwepo ulipomchimba. Ilikuwa kiangazi, shambani Namawala, jaruba la mpunga limekauka hadi limepasuka, naye yumo ndani ya udongo amejikunja, mkia umefunika uso. Ulipomtia kwenye ndoo ya maji akaanza kuhema. Mama alitaka kumpika papo hapo. Ulimzuia hadi umalize kumtazama, ikafika jioni, ndipo tukamla.

Baadaye ukanifundisha kumuunda kwa waya na saruji, magamba tukiyachora kwa ukingo wa kijiko cha chai. Wa kwanza nilimnyoosha kama samaki wa sokoni. Ukamvunja kwa nyundo. "Huyu amelala, hajafa. Mkunje."

Basi Jumamosi nilimweka kambare mamba juu ya kaburi, niliyemuunda mwenyewe, mkia usoni. Msalaba upo, sikuugusa. Wazee walinuna. Baba mdogo akasema nimemdhalilisha kaka yake kwa samaki wa matope, tena tangu lini binti akaamua mambo ya kaburi. Nikamwambia awapeleke simba wake kwake, wakamlinde yeye. Aliondoka nao bila kuaga.

Shangazi alitaka kunituliza, akanishika bega, akasema, "Hata baba yako naye amelala tu." Nikakataa hilo pia. Mkono wako ulipoa ndani ya wangu, Baba, najua nilichokishika. Samaki ndiye amelala. Wewe umekufa, na inaniuma kila nikichanganya saruji, maana hakuna tena wa kunivunjia kazi mbaya.

Kibanda nimekifungua leo. Mteja wa kwanza ameuliza simba. Nimemwonyesha njia ya kuondokea.

Kwaheri, Baba. Simba sitaunda. Na kazi yangu ikiwa mbaya nitaivunja mwenyewe, kwa nyundo yako.

Mwanao