Nalongo ameniletea nyuzi

Jumanne, Kamwokya

Leo tena kwenye gitaa nimepiga sebene tu, zile nyimbo za haraka ambazo kidole kidogo cha kushoto hakina kazi. Tangu kianze kufa ganzi, nachagua nyimbo kwa kukikwepa. Kwaya nzima ninayoipigia hakuna aliyegundua.

Aliyegundua ni Nalongo, jirani mwenye mapacha, ambaye kati yetu kuna ukuta tu. Asubuhi alinisimamisha bombani. “Bambi, pole jirani, ile wimbo ya polepole ilienda wapi? Watoto bila hiyo hawalali.”

Nikamwambia uzi wa gitaa umekatika. Uongo ulinitoka kirahisi hivyo.

Ningesema nini? Nikimwambia Nalongo ukweli, itabidi nimwambie na daktari, halafu kwaya, halafu... Mtaani hapa hawajui jina langu, wananiita Gitaa. Nikishindwa kupiga wataniita nani?

Jioni akabisha hodi, pacha mmoja mgongoni, mwingine mkononi, katoka mjini na jasho lake. “Sikujua ni uzi gani ilikatika, jirani. Nimeleta zote sita.”

Pakiti iko mezani, sijaifungua. Mapacha wanalia ng'ambo ya ukuta, na mama yao anasubiri nianze.